Choo Kimefunga Ukiwa kwenye Dawa za Maumivu na Dayati: Anzia Wapi?

Njia ya kufika hapa mara nyingi ni moja. Magoti yanauma, au mgongo, daktari anaandika tramadoli, na kabla hujainuka kwenye kiti anaongeza: "Na huo uzito upungue." Mgonjwa mtiifu anashika yote mawili. Anameza kidonge asubuhi na jioni, anaacha ugali, anahamia mayai na samaki wa kuchemsha. Siku ya nne tumbo limejaa gesi, choo hakuna, na kila anayemwambia ana jibu lilelile: kula papai, kunywa maji. Anakula papai. Choo hakitoki.

Papai halina kosa. Kinachotokea ni kwamba choo kilichofungwa na dawa hakifunguki kwa njia ileile ya choo kilichofungwa na chakula, na mtu wa dayati anayemeza dawa kali za maumivu amebanwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukitibu upande mmoja, mwingine unaendelea kufunga. Maelezo haya ni ya watu wazima. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo au aliyepasuliwa tumbo karibuni asijaribu lolote hapa kabla ya kuongea na daktari wake.

Kwanza soma boksi

Kama kwenye boksi kuna kodeini, dihidrokodeini, tramadoli, mofini, pethidini au fentanili, unatumia dawa za jamii ya opioidi. Kodeini ndiyo inayojificha zaidi: imo kwenye vidonge vya mchanganyiko pamoja na parasetamoli, na imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi. Watu huapa kwamba wanameza "panado tu" kumbe wanameza kodeini mara tatu kwa siku.

Opioidi hutuliza maumivu kwa kushika vipokezi vilivyo kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi vya aina hiyohiyo vimetapakaa kwenye ukuta wa utumbo. Vikishikwa, misuli ya utumbo hupunguza kusukuma, majimaji yanayomiminwa ndani hupungua, choo hukaa muda mrefu kikizidi kunyonywa maji, na msuli wa mlango wa haja kubwa hukaza. Loperamidi, kile kidonge cha kuzuia kuhara, ni cha jamii hii. Kwa hiyo anayemeza kodeini kwa ajili ya mgongo anameza pia dawa ya kuzuia kuhara, na wala haharishi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Kichefuchefu na usingizi wa dawa hizi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Utumbo hauzoei hivyo. Ushauri wa kusubiri mwili uzoee unampotezea mgonjwa wiki nzima. Wahudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito, wanalijua hili vizuri. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993, ilijenga huduma yake juu ya mofini ya maji, na kwenye tiba hiyo kanuni ni kwamba dawa ya kulainisha choo inaandikwa siku ileile mofini inapoandikwa, isipokuwa kama mgonjwa anaharisha. Sioni kwa nini mwenye magoti anayepewa tramadoli ya wiki mbili asitendewe hivyo. Ukiandikiwa opioidi, uliza palepale: "Na dawa ya choo je?" Huna sababu ya kuona aibu, na mfamasia atakuelewa.

Kama kwenye boksi kuna parasetamoli peke yake, diklofenaki au ibuprofeni, tafuta chanzo kwingine. Angalia vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu, dawa za kiungulia zenye aluminiamu, dawa za mzio zinazoleta usingizi, na amitriptilini, ambayo siku hizi huandikwa sana kwa maumivu ya neva. Sindano za kupunguza uzito zenye semaglutidi, kama Ozempic, nazo hupunguza mwendo wa tumbo na kufunga choo. Anayechoma sindano hizo na kumeza tramadoli ana breki mbili kwenye utumbo mmoja, na daktari aliyeandika moja anahitaji kujua kuhusu nyingine.

"Siku ya tatu sasa, na sisikii hata haja"

Hii ndiyo sura ya dawa. Tumbo halikusumbui sana, limejaa kidogo, ila ule wito wa kwenda chooni umetoweka. Utumbo umelala, na kinachotakiwa ni kitu cha kuuamsha. Nyuzinyuzi haziuamshi.

Dawa za kuamsha ni mbili zinazopatikana karibu kila famasia: sena na bisakodili. Bisakodili huja kwa vidonge vya miligramu 5. Mtu mzima humeza kimoja hadi viwili usiku wakati wa kulala, na kazi huanza baada ya saa 6 hadi 12, yaani asubuhi. Kimeze kizima. Ganda lake limetengenezwa lipite tumboni bila kuyeyuka, likayeyukie kwenye utumbo, kwa hiyo usikitafune, na usikimeze kwa maziwa au pamoja na dawa ya kiungulia. Ukifanya hivyo ganda linayeyuka mapema, unapata msokoto na kichefuchefu bure. Sena nayo humezwa usiku na hufanya kazi kwa muda unaokaribiana na huo.

Watu wa pwani wanaijua sena kwa jina la sanamaki, na bibi zetu waliichemsha miaka mingi kabla ya vidonge kufika. Mmea ni uleule na unafanya kazi. Shida ni kipimo: majani ya leo si sawa na ya jana, na kikombe kilichokaa usiku kucha ni kikali kuliko cha dakika tano. Ukiwa na uwezo wa kununua vidonge vilivyopimwa, nunua vidonge. Na hapa mtu wa dayati awe macho. Chai nyingi zinazouzwa kwa jina la kupunguza tumbo au kusafisha mwili zina majani haya ya sena. Ukinywa chai hiyo jioni na kumeza kidonge cha sena usiku, umejipa dozi mbili, na msokoto utakaoupata si wa kawaida.

Kama choo kinachotoka ni kikavu kama vipande vya mawe, kuamsha peke yake hakutoshi, ongeza kinachovuta maji. Laktulozi, mililita 15 hadi 30 kwa siku, au makrogoli, ile poda ya kukoroga kwenye maji. Laktulozi inaweza kuchukua hadi siku mbili kufanya kazi na huleta gesi mwanzoni. Wanaohesabu sukari huiogopa kwa sababu ni tamu kama asali. Sehemu kubwa yake haifyonzwi mwilini, na hiyo ndiyo sababu inaweza kuvuta maji kwenda kwenye utumbo. Kwa choo cha opioidi, sena au bisakodili pamoja na laktulozi au makrogoli ndiyo jozi ninayoiamini zaidi.

Haluli ya chumvi, yaani chumvi chungu ya magnesiamu, inafungua kweli, lakini si ya kila siku, na mwenye figo dhaifu aiache kabisa. Mafuta ya nyonyo ni makali, yanakata tumbo, na mjamzito asiyaguse. Pasipo na famasia karibu, miongozo ya tiba shufaa ya Afrika imekuwa ikikubali mbegu za papai zilizokaushwa: mbegu 5 hadi 30 zilizopondwa au kutafunwa, na maji juu yake, wakati wa kulala. Ni njia ya dharura ya kijijini, na mjamzito haimhusu.

"Haja naisikia, imefika mlangoni, lakini haitoki"

Hapa choo kimeshuka, kimekauka, na mlango umekaza. Kumeza vidonge zaidi kutaongeza msukumo nyuma ya kitu kilichokwama, na utaumia. Shughulikia mlango kwanza. Dawa ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, ya gliserini au ya bisakodili miligramu 10, hufanya kazi kwa muda mfupi. Ya bisakodili kwa kawaida huchukua dakika 15 hadi saa moja. Lala kwa ubavu wa kushoto, ingiza, ishikilie kadiri unavyoweza.

Ukaaji una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia vizuri zaidi ya choo cha kukaa. Magoti mabovu hayawezi kuchuchumaa, basi kaa kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele, viwiko juu ya mapaja. Usikamue kwa kushika pumzi. Presha hupanda ghafla, bawasiri hutoka, na mzee anaweza kuanguka humohumo chooni.

Maji ya sabuni ya kuingizwa kwa nyuma tafadhali yaacheni. Sabuni inachoma utando wa ndani wa utumbo. Kama dawa ya kuingiza imeshindwa mara mbili, nenda kituo cha afya. Wauguzi wana enema iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na wanaweza kuondoa choo kilichokwama kwa mkono wenye glavu. Ni dakika chache za kero na unafuu mkubwa.

"Nimeongeza nyuzinyuzi, sasa nimevimba zaidi"

Makosa haya wanafanya watu wenye nia njema. Wamesoma kwamba nyuzinyuzi ni dawa ya choo, wamenunua isabgoli (ile poda ya maganda ya mbegu inayovimba kwenye maji), pumba za ngano, mbegu za chia, na wanazitia kwenye kila kitu. Kwa mtu asiyemeza opioidi, sawa. Lakini nyuzinyuzi hizi huongeza ujazo na kutegemea utumbo usukume. Utumbo uliolazwa na dawa hausukumi, na kama maji ni haba mzigo unashikana pale ulipo, sawa na unga mwingi uliomiminwa kwenye maji kidogo. Anapata gesi na maumivu, na wachache huziba kabisa.

Ukiwa hapa, acha poda zote za nyuzinyuzi leo, baki na mboga na matunda ya kawaida, anza dawa ya kuamsha utumbo, na usirudie isabgoli hadi choo kimefunguka na maji unakunywa ya kutosha. Kwa anayeendelea na opioidi mimi singeirudisha kabisa.

"Nakula kidogo sana, choo kitoke wapi?"

Swali halali. Ukila nusu ya ulichokuwa unakula, choo kitapungua, na si lazima uende kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida, mradi kinatoka laini na bila shida. Kinachohesabika ni mabadiliko kutoka kwenye desturi yako, ugumu, na kukamua. Hata hivyo zipo dayati zinazofunga choo zenyewe, kabla dawa haijagusa kitu.

Ya kwanza ni ile ya nyama, mayai na samaki bila wanga. Nyama haina nyuzinyuzi hata chembe, mayai hayana, samaki hana, maziwa hayana. Ukiondoa ugali, maharage, viazi na matunda, umeondoa karibu nyuzinyuzi zako zote kwa siku moja, wakati mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku. Pamoja na hilo, wanga uliohifadhiwa mwilini hukaa na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu ya wanga huo. Ndiyo maana kilo hushuka haraka wiki ya kwanza: ni maji yanatoka kwa mkojo. Utumbo mkubwa unayafidia kwa kunyonya zaidi kutoka kwenye choo. Mwangalie mkojo wako. Ukiwa wa manjano iliyokolea, hujanywa maji ya kutosha, hata kama unajiona unakunywa mengi.

Ya pili ni ya kuruka chai ya asubuhi na kula kuanzia saa saba mchana. Chakula cha kwanza kikiingia tumboni huuamsha utumbo mkubwa, na msukumo huu huwa na nguvu zaidi asubuhi. Anayeruka asubuhi anaitupa nafasi bora ya siku nzima, nafasi ambayo anayemeza tramadoli hawezi kumudu kuitupa. Kula kidogo, lakini kula asubuhi: bakuli dogo la uji wa ulezi, kipande cha papai, kikombe cha kahawa chungu isiyo na sukari, ambayo kwa watu wengi huuchokoza utumbo. Kisha kaa chooni dakika kumi ndani ya nusu saa inayofuata, hata kama huna haja. Ukikipanga kidonge cha bisakodili cha usiku kikutane na saa hii, vitu vitatu vinasukuma kwa pamoja. Kwenye Ramadhani saa hiyo huhamia baada ya futari, na kidonge kihamishwe kiendane nayo. Maji yagawanywe toka magharibi hadi daku, yasinywewe yote mara moja.

Ya tatu ni kukata mafuta yote. Kijiko cha mafuta kwenye mchicha hakiharibu dayati ya mtu, na chakula kisicho na mafuta hata kidogo hakiuchochei utumbo vizuri.

Habari njema ni kwamba vyakula vya kufungua choo vingi havina kalori za kutisha. Mboga za majani, mchicha, matembele, majani ya maboga, chukua sahani nzima. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama kalori 110 na gramu 6 za nyuzinyuzi. Robo kilo ya papai haizidi sana kalori 100. Mapera yana nyuzinyuzi nyingi kuliko papai. Parachichi lina nyuzinyuzi nyingi lakini kalori zake ziko kama 160 kwa gramu 100, kwa hiyo robo inatosha. Na kama ugali unakushinda kuacha, usiuache. Songa wa dona, tonge dogo. Sembe iliyokobolewa ndiyo isiyokusaidia chochote hapa.

Kutembea nako ni dawa. Magoti yakikataa barabara, zunguka ukumbini baada ya kila mlo.

"Nafuata dayati sawasawa, lakini mizani imegoma"

Choo cha siku tano kina uzito wake, na tumbo lililojaa gesi linabana nguo. Usipunguze chakula zaidi kwa sababu ya namba hiyo. Ifungue choo kwanza ndipo upime.

Na siku dawa ya choo itakapofanya kazi, mizani itashuka, na hapo ndipo penye mtego. Kilichoshuka ni choo na maji. Kalori za chakula zilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba muda mrefu kabla sena haijafika kazini, kwa hiyo dawa hizi haziondoi mafuta mwilini. Anayezimeza kila siku ili apungue hupoteza potasiamu, misuli hulegea, moyo hupiga ovyo. Nawasihi hasa dada zetu wanaouziwa mambo haya kwenye simu: dawa ya choo ni ya choo.

"Kilikuwa kimefunga, leo naharisha maji"

Tulia kabla hujafurahi. Kama ulikaa siku nyingi bila choo na sasa yanatoka majimaji kidogokidogo, mengine bila wewe kujua, huenda bonge la choo limeziba na maji yanapenya pembeni yake. Kosa baya ni kukimbilia loperamidi. Umeshasoma juu kwamba ni ya jamii ileile ya tramadoli, itafunga kilichofungwa. Hili ni la kupimwa na mhudumu wa afya, hasa kwa mzee anayelala kitandani.

Damu

Damu nyekundu kidogo kwenye karatasi, na maumivu ya kuchana wakati choo kinatoka, mara nyingi ni mchaniko au bawasiri. Kilainishe choo na paka vaselini kabla ya kwenda. Damu nyingi, nyeusi kama lami, au inayojirudia inataka daktari.

Usingoje kesho

Nenda hospitali siku hiyohiyo tumbo likivimba na kuuma sana, ukitapika, au ukishindwa kupitisha hata ushuzi. Huenda utumbo umeziba, na dawa ya kuendesha ikiongezwa hapo inaweza kuupasua. Homa pamoja na maumivu ya tumbo nayo ni ya siku hiyohiyo. Mwenye maumivu ya mgongo aangalie jambo la ziada: kufunga choo kukija pamoja na ganzi sehemu za siri na za kukalia, miguu kulegea, au mkojo kugoma kutoka, mishipa ya fahamu inabanwa chini ya uti wa mgongo. Kila saa ina thamani. Usiache mtu akuambie ni dawa tu.

Kupunguza au kubadili dawa yenyewe

Wapo wanaoacha dawa ya maumivu kimyakimya ili wapate choo, wakarudi kulala na magoti yanayowaka. Hakuna anayepaswa kuchagua kati ya hayo mawili. Rudi kwa daktari umweleze wazi. Pengine maumivu sasa yanatosha parasetamoli peke yake, isiyozidi gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kwa mwembamba sana au mwenye ini bovu. Pengine dozi ya tramadoli inaweza kushushwa. Diklofenaki na ibuprofeni hazifungi choo namna hii, lakini huchubua tumbo na kulemea figo za mtu asiyekunywa maji, kwa hiyo kwa anayeruka milo si badala rahisi. Sena, bisakodili na laktulozi zikishindwa, zipo pia dawa zinazozuia opioidi kwenye utumbo pekee bila kugusa nafuu ya maumivu, kama naloksegoli na methilinaltreksoni, na hizo ni za kuandikiwa na daktari.

Kama umetumia opioidi kwa wiki kadhaa, usizikate ghafla. Mwili utadai: jasho, kutetemeka, kukosa usingizi, na tumbo kuharisha. Zinapunguzwa hatua kwa hatua. Dawa ya choo iendelee wakati zinashuka, na uipunguze choo kinapoanza kulegea chenyewe. Siku chache baada ya kidonge cha mwisho cha maumivu, utumbo ukiwa umeamka, bisakodili nayo inaweza kurudi kabatini.